Fundi Asiyetamka Presha

Shemeji yangu haamini mtu. Nalisema hili mapema ili asije mtu akadhani namsengenya. Ukimwuliza mwenyewe atakujibu hivyohivyo, tena bila kupepesa macho. Ukimwambia umeichaji betri, ataipima. Ukimwambia gari limezimwa, atakwenda kuchungulia swichi, kisha atachomoa ufunguo na kuutia mfukoni mwake. Siku aliyokuja nyumbani kwetu kumposa dada yangu, baba alimpa kiti, naye akakitikisa kwanza kabla ya kukikalia. Mimi niliona, na tangu siku hiyo nikamweka kiporo.

Tunafanya kazi uwanja mmoja. Yeye ni fundi wa injini za dizeli. Mimi ni fundi umeme wa magari, natengeneza sterta, altaneta na nyaya zilizotafunwa na panya. Uwanja una ukuta wa matofali upande mmoja, mabati pande mbili, na geti ambalo lazima uliinue kidogo ndipo lifunguke. Banda lake liko kulia, safi kuliko majiko ya watu wengi ninaowafahamu. Kila spana imechorewa umbo lake ubaoni, ili ikikosekana hata moja ajue. Mara ya kwanza nilipouona ubao ule nilijua kwamba anayechungwa ni mimi, kwa kuwa mtu mwingine pale hakuwepo.

Watu humwita Msukumo, na jina hilo lilitokana na ukaidi wake wa neno moja. Mafundi wote, madereva wote, hata wajaza upepo wa baiskeli, husema presha. Presha ya tairi, presha ya oili, presha ya dizeli. Yeye hapana. Yeye husema msukumo. Dereva akimwambia, "Fundi, nadhani presha imeshuka," humtazama kama hakumsikia, kisha huuliza, "Msukumo?" Wataendelea hivyo mpaka dereva achoke na kukubali, haya, msukumo. Wengine walisema anajidai msomi. Mimi nilimwambia hivyo mezani kwake, mbele ya dada yangu, naye akaendelea kutafuna.

Lakini lililokuwa likinikera zaidi si neno hilo. Kila gari nililomaliza kulitengeneza, alilipitia. Alivuta nyaya nilizofunga, akazitikisa klempu za betri nilizokwisha kukaza. "Samahani, shemeji," husema, huku mkono wake umeshafika. Mimi ni mtu mzima, nina mke na watoto watatu. Nani anapenda kufuatwa nyuma kama mtoto aliyepewa maziwa abebe? Nikajiambia ananidharau kwa sababu nilifika pale kwa mgongo wa dada, na kwamba anangoja nikosee siku moja tu apate la kumweleza mkewe. Kwa miaka saba sikumpa nafasi hiyo.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, saa tatu asubuhi. Ililetwa pikapu nyeupe ya dizeli inayosambaza chakula cha kuku, na dereva wake alikuwa mtu mwembamba mwenye kofia ya sufi na macho yasiyotulia. Hakusubiri kukaribishwa. Alikwenda kwenye banda langu, akachukua kiti cha plastiki, akakiweka hatua mbili kutoka kwenye boneti na kukunja mikono. Alikuwa amekuja kulinda vipuri vyake visibadilishwe. Nilifurahi kidogo, maana hatimaye shemeji alikuwa amepata mwenzake.

"Lina nini?" Msukumo akauliza.

"Likipanda kilima linachoka. Na likishapata moto, ukilizima haliwaki upesi."

"Nani amelishika kabla yangu?"

"Hakuna."

"Hakuna kabisa?"

"Fundi, nimeshasema hakuna. Unataka niape?"

"Hapana," akasema Msukumo. "Nitatazama tu."

Akavaa miwani yake ya kazi, akashusha mikono ya ovaroli hadi kwenye vifundo, akavaa glavu. Akapangusa injini yote kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, taratibu, kama mtu anayemwosha mgonjwa. Dereva akanitazama, nami nikainua mabega. Ndivyo alivyo, ungefanyaje.

Kwanza alipima upande wa msukumo mdogo, pale dizeli inapotoka kwenye tangi na kupita kwenye chujio kabla ya kufika kwenye pampu kubwa. Alifunga geji yake hapo injini ikiwa imezimwa na imepoa, akakagua kila kiungio mara mbili, ndipo akawasha. Mshale ukasimama mahali pake. Akaingiza waya wa mashine ya kupimia chini ya usukani, kwa sababu upande wa pili, ule wa msukumo mkubwa unaofikisha dizeli kwenye nozeli za kuipuliza ndani ya injini, hafungui kitu. Husoma namba kwenye kioo tu, akiwa amekaa mbali.

"Tairi la gari hili lina msukumo wa baa mbili na nusu," alimwambia dereva. "Hapa kwenye mabomba ya nozeli, injini ikiwa imetulia tu, tunataka mia tatu. Ukikanyaga mafuta inapita elfu moja. Mashine inaomba mia tatu, inapata mia mbili na arobaini, tena inayumba. Kuna mahali dizeli inatoroka."

"Sasa si ulegeze nati za nozeli moja moja, uone inaporusha? Mafundi wa zamani ndivyo walivyofanya."

"Kwa magari ya zamani. Hili ukilegeza nati injini ikiwa inanguruma, linakuchana."

Dereva akacheka kwa pua. Alikuwa ameshaamua kwamba hizi zote ni mbwembwe za kumpotezea asubuhi. Na niseme ukweli, hata mimi nilikuwa nimeshaamua hivyo.

Injini ikapata moto, na namba zikazidi kuyumba. Msukumo akasema anakwenda stoo kutafuta kadibodi. Kwa kawaida asingeliacha gari likinguruma na mtu mwingine. Angezima, angechukua ufunguo. Ila kasoro ile ilijitokeza kwenye joto tu, na injini ikipoa ingejificha tena. Alisimama akitazama pikapu, akamtazama dereva, kisha akanitazama mimi kwa muda.

"Shemeji, kaa hapa," akasema. "Mtu asiguse bomba lolote mpaka nirudi. Wewe ndiye nakuachia."

Nilisikia alichosema, lakini sikukisikia kama kilivyosemwa. Nilichosikia ni kwamba napewa amri mbele ya mgeni. Leo nikikumbuka, ile ndiyo mara ya kwanza katika miaka saba aliyoniachia kitu bila kukipitia nyuma yangu.

Alikawia. Dereva akaanza maneno yake.

"Huyo shemeji yako anatafuta nini huko, kadibodi au mke wa pili?"

"Mwache. Ndio ugonjwa wake."

"Sisi tuna kazi, bwana. Kuku wanangoja. Pale kuna unyevu, unaona? Ni maji tu, nilipita kwenye dimbwi. Yeye atakuja kuniambia ni pampu nzima."

Niliinama. Chini ya bomba la pili palikuwa na unyevu kweli, umeng'aa, na juu yake kitu kama ukungu mwembamba. Nikajiambia nikimwonyesha mahali penyewe kabla hajarudi na kadibodi yake, atanyamaza angalau mpaka Ijumaa. Nikapitisha kidole cha shahada cha mkono wa kulia chini ya bomba.

Nilihisi kama kung'atwa na sisimizi, basi. Nikavuta mkono, nikaangalia. Kwenye ncha ya kidole palikuwa na doa dogo, kama nukta ya kalamu, bila damu wala maumivu.

"Umepata?" dereva akauliza.

"Maji tu," nikasema.

Kwa nini nilidanganya sijui vizuri hadi leo. Nadhani sikutaka kumpa shemeji raha ya kuwa sahihi. Kidole hicho ndicho mkate wangu: ndicho kinachopapasa waya ndani ya altaneta mahali ambapo jicho halifiki, ndicho kinachojua kama koili imelegea. Lakini doa lenyewe lilikuwa dogo mno hivi kwamba sikuwaza habari ya mkate.

Msukumo akarudi na kipande cha kadibodi alichokibana kwenye fimbo ndefu. Akasimama kwa ubavu, akanyoosha mkono, akakipitisha taratibu kando ya mabomba. Bomba la kwanza, hakuna kitu. Bomba la pili, karibu na nati, kadibodi ikapata mstari. Hatukuona dizeli ikiruka. Tuliona kadibodi inachanika tu, kama kuna mtu anaikata kwa wembe usioonekana.

Nikaingiza mkono mfukoni.

Alizima injini, akachomoa ufunguo, akautia mfukoni. Namba zikashuka kwenye mashine hadi zikafika chini kabisa. Hakuziamini. Akatazama saa ya ukutani, akasema tutasubiri dakika kumi nyingine ndipo aguse. Dereva akaguna. Mimi nikajimiminia chai kwa mkono wa kushoto. Kidole kilikuwa kimeanza kupwita, kidogo tu, na nilikuwa nimeanza kumwogopa shemeji kuliko nilivyokiogopa kidole.

Dakika kumi zikaisha. Msukumo akamulika nati ya bomba la pili kwa tochi, akainama karibu, akakaa hivyo kwa muda.

"Hapa pamekazwa kwa koleo," akasema. "Alama ni mpya."

Dereva akavua kofia, akaivaa tena. "Kuna jamaa mmoja pale barabarani alikaza kidogo tu. Juzi. Hata hakufungua."

"Ulisema hakuna aliyelishika."

"Kushika na kukaza si kitu kimoja, fundi."

Msukumo akazima tochi. Akanyoosha mkono kwangu bila kugeuka. "Shemeji, nipe spana ya kumi na saba."

Nikampa. Akaipokea, kisha akageuka, maana spana ilimfikia kutoka upande usio wake.

"Tangu lini unatumia kushoto?"

"Nimeshika chai."

"Chai iko mezani. Toa mkono mfukoni."

"Shemeji, tusitafutane asubuhi yote hii."

"Toa."

Nilitoa. Kidole kilikuwa kimevimba kidogo na kupauka, na ile nukta ilikuwa palepale. Alikishika kifundo cha mkono wangu, akakigeuza kwenye mwanga, na nikaona jasho limemtoka juu ya mdomo. Nilitegemea maneno. Nilikuwa nimeshaandaa majibu yangu, makali, ya miaka saba.

"Injini ilikuwa inanguruma?" akauliza, kwa sauti ya chini.

"Ndiyo."

"Uligusa nilipoondoka tu, au muda gani baadaye?"

"Ulipoingia stoo. Muda mfupi."

Akatazama saa ya ukutani, akarudisha hesabu nyuma, akachukua kalamu na kuandika kwenye kiganja chake mwenyewe: saa nne kasoro kumi. Akanipeleka bombani, akanipaka sabuni na kunivua pete niliyokuwa nayo mkono huo, kabla vidole havijajaa. Nilipoifuata chai yangu, aliimwaga. "Usile wala usinywe. Huenda wakakulaza." Kisha akafanya jambo ambalo wanaomjua hawakuliamini niliposimulia. Alimwambia dereva, "Kaa hapa ulinde," akamwachia uwanja mzima, banda wazi, ubao wa spana wazi, na kuniingiza kwenye gari lake.

Njiani alipiga honi mfululizo. Nikaanza kumshuku. Mtu gani anamkimbiza mwenzake hospitali kwa kidonda cha sisimizi? Nikaona anatafuta ushahidi: daktari aandike kwamba nilivunja amri yake, apate karatasi ya kumwonyesha dada. Nilikuwa na hakika hiyo kabisa, na nilikuwa nimekasirika kabisa.

Zahanati ilikuwa imejaa. Alinishusha mlangoni akaenda kutafuta mahali pa kuegesha. Dirishani kulikuwa na mwanamke wa mapokezi aliyekuwa akiandika bila kuinua kichwa, na nyuma yangu mtoto alikuwa akilia.

"Tatizo?"

"Presha," nikasema. "Presha ya..."

"Benchi la kushoto. Anayefuata."

Nikakaa benchi la kushoto, kati ya bibi wawili waliokuwa na kadi zao mkononi. Nilijua wazi kwamba yule mwanamke hakunielewa, na nikaacha. Muuguzi akaniita, akanifunga kile kitambaa juu ya kiwiko, akakijaza upepo mpaka mkono ukabanwa, akasikiliza.

"Mia na ishirini na tano kwa themanini," akasema. "Baba, huna presha. Presha yako nzuri sana."

"Nashukuru. Na hapa nimechomwa kidogo."

Akatazama kidole, akapangusa kwa spiriti, akabandika plasta. "Nenda nyumbani. Kikiuma, meza dawa ya maumivu." Nikainuka kwa furaha. Nilikuwa nimepata cheti cha uzima, tena cha mdomo wa mtaalamu, na nilikuwa naona jinsi nitakavyokipeleka nyumbani kwa dada.

Msukumo alikuwa amesimama mlangoni. Alikiona kile kitambaa kikiwa bado kimening'inia mkononi mwangu. Sijawahi kumwona mtu akibadilika uso namna ile. Alikuwa kama mtu aliyeingia chumbani akakuta maiti.

"Nani ametaja presha hapa?" akauliza, polepole.

"Mgonjwa mwenyewe," muuguzi akajibu.

Akanigeukia. "Ulisema presha."

"Si ndilo jina lake? Kila mtu anasema hivyo isipokuwa wewe."

Nilidhani atanipiga. Badala yake alimgeukia muuguzi. "Dada, huyu si mgonjwa wa presha. Dizeli imemwingia ndani ya kidole."

Muuguzi alikuwa na foleni ndefu na alishawahi kuona mengi. "Baba, kama mnatafuta karatasi ya kupeleka kwa mwajiri, semeni tu. Kuna utaratibu wake."

"Hatuna mwajiri. Ondoa plasta ubonyeze hapo, halafu unuse. Usiponusa dizeli, tutaondoka na hutatuona tena."

Aliitoa plasta ile kwa hasira, akabonyeza bila huruma. Niliguna kwa maumivu, na hayo yalikuwa maumivu ya kweli. Kwenye ile nukta kikatoka kitone cheusi kidogo. Muuguzi akainamisha pua. Alipoinua uso, hakuwa na hasira tena.

"Iliingiaje?"

"Kwa nguvu ya karibu mara mia ya ile ya tairi. Nje ni tundu, ndani imeshatambaa. Inafuata njia za kano kuelekea kiganjani, inakula nyama inakopita. Anatakiwa apasuliwe leo. Leo, dada yangu, si kesho."

Akaenda kumwita daktari, tena mbiombio. Daktari akaandika barua, na kabla ya saa sita tulikuwa hospitali kubwa mbele ya daktari wa upasuaji, mtu wa makamo mwenye mikono midogo, ambaye swali lake la kwanza lilikuwa muda. Msukumo akafungua kiganja akamsomea. Wakati huo kidole changu kilikuwa kimekuwa kama ndizi iliyoiva, na maumivu yalikuwa yamefika kiwikoni. Sikuwa namshuku mtu tena. Nilikuwa naogopa tu, na nilimshika ovaroli shemeji mpaka waliponichukua.

Walinichana kutoka ncha ya kidole mpaka katikati ya kiganja, wakaosha, wakaacha wazi, na baada ya siku mbili wakaosha tena. Daktari akaniambia kidole kitabaki, ila hakitakunjika sawasawa. Akasema ningekuja kesho yake, angekuwa anazungumza nami kuhusu mkono.

Siku ya tatu Msukumo alikuja wodini peke yake na kuketi kwenye kiti cha chuma, bila kukitikisa. Nikamwuliza lililokuwa likinikereketa tangu zahanati. Habari ya pete, ya chai, ya kuandika saa, ya kubonyeza na kunusa: aliyajuaje yote yale? Mambo hayo hayafundishwi gereji.

"Mdogo wangu," akasema.

Sisi sote katika ukoo tulijua mdogo wake alikufa kwa presha. Hata dada yangu alijua hivyo, na kwa ajili hiyo humpikia mumewe chakula kisicho na chumvi ya kutosha.

"Tulikuwa machimbo ya kokoto, mimi na yeye, mbali sana na nyumbani," akaendelea. "Alishika bomba la jenereta. Nukta kama yako. Nikampeleka kwenye kliniki ya kambi, nikasema presha imemchoma. Wakampima mkono, wakasema presha nzuri. Nikafurahi kama wewe ulivyofurahi. Nikamrudisha kambini, nikamwambia apumzike, aache kudeka. Siku ya tano akafa. Tulimzika hukohuko. Ndipo daktari mmoja aliyekuja kufanya uchunguzi akanieleza kila kitu, hatua kwa hatua, kilichopaswa kufanywa."

"Mbona tunaambiwa presha ya damu?"

"Nilimpigia mama simu. Nikasema, mama, presha imemwua mdogo wangu. Kabla sijamaliza akapiga kelele, 'Nilijua, ni mimi.' Walikuwa wamegombana kwa simu juma lilelile. Mtoto alitaka kuacha kazi arudi nyumbani, naye alimsema vibaya sana. Kwa hiyo akajua ni yeye aliyempandisha presha."

"Na wewe ukamwacha ajue hivyo."

"Ningemwambia nini? Kwamba ni mimi niliyemrudisha kambini?"

Miaka saba nilimshuku mtu huyu kwa makosa ambayo hakuyafanya, na alikuwa na moja lililokuwa limekaa pale mezani kila siku, tukila nalo. Nilimwonea huruma na nikamchukia, vyote kwa pamoja. Nikamwambia nikiruhusiwa, mama yake atakuja kuniona, na ataniuliza mkono umefanyaje. Ama atamweleza yeye, ama nitamweleza mimi. Akaondoka bila kuaga, na nilikuwa na hakika atatafuta safari ya kuikwepa siku hiyo.

Nilikosea. Niliruhusiwa Jumamosi, na Jumapili alasiri walikuja nyumbani kwangu pamoja, yeye, dada yangu, na mama yake. Yule mama ni mpole kupita kiasi. Tangu nimjue sijamsikia akiinua sauti, wala kwa mtoto aliyemwaga kitu, wala kwa jirani aliyemwonea. Mke wangu hupenda kusema kwamba upole ule una namna. Aliketi mkekani karibu nami, akauchukua mkono wangu uliofungwa bendeji, akauweka mapajani mwake.

"Pole, mwanangu. Ulifanya nini?"

Nikamtazama Msukumo. Alikuwa amesimama karibu na mlango. Akaja, akapiga magoti sakafuni mbele ya mama yake, akaanza kusema. Alianza na kidole changu, akafika kwenye cha mdogo wake, na hakuruka kitu: bomba, kliniki, kitambaa, kambi, simu. Dada yangu alikuwa amebeba sinia la vikombe, akasahau kuliweka chini.

Mama alisikiliza huku akiupapasa mkono wangu juu ya bendeji. Mwanawe alipomaliza, mama aliniuliza mimi, si yeye.

"Wewe walikupasua siku hiyohiyo?"

"Siku hiyohiyo, mama."

"Na kidole kipo."

"Kipo."

Akatikisa kichwa kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia mwanawe. "Kwa hiyo si mimi."

"Si wewe, mama."

"Na ulijua."

"Nilijua."

"Miaka kumi na tisa," akasema. "Baba yako amekufa sijawahi kumjibu neno, nikiogopa nitamuua na yeye. Wewe mwenyewe umenikosea mara ngapi nikameza, nikisema huyu ndiye aliyebaki, nisije nikampandisha."

Akaurudisha mkono wangu taratibu, akaulaza juu ya mto. Akavuta pumzi, akaanza kumgombeza. Mwanzoni sauti ilimkwama, akalazimika kukohoa na kuanza upya, kisha ikatoka, kubwa, ya mwanamke ambaye hakuna aliyekuwa anamjua mle ndani. Alimgombeza kwa mdogo wake, kwa simu, kwa kila mwaka peke yake, akataja hata utundu wa utotoni. Majirani wakaja dirishani. Dada yangu akataka kumtuliza, nikamshika nguo kwa mkono mzima, akaacha. Shemeji alibaki palepale kwenye magoti yake, machozi yakimtoka bila kuyafuta, na kila mama alipotua kuvuta pumzi, alikuwa anaitikia, "Ndiyo, mama. Endelea."